Mada Yenye Malipo au Mtazamaji Mwenye Bei? Uhakiki wa Ushauri wa Kuteua Mada za Video kwa Kigezo cha Mapato ya Matangazo

Ikisiri

Makala haya yanahakiki ushauri unaotolewa kwa wingi kwa waandaaji wa video katika jukwaa la YouTube, kwamba anayetaka kipato kizuri cha matangazo ateue mada zinazolipa, yaani fedha, bima, mikopo, teknolojia na biashara. Uhakiki umeongozwa na mkabala wa uchumi wa kisiasa wa mawasiliano, hususani hoja ya Dallas Smythe kuhusu hadhira kama bidhaa. Makala yanaonesha kwamba bei inayodaiwa kuwa ya mada kwa hakika ni bei ya mtazamaji, na kwamba ushauri huo unapohamishiwa katika Kiswahili humsukuma mwandaaji ama aihame lugha ama akimbilie udaku. Desturi ya kutuza katika taarabu imetumika kama kipimo cha kulinganishia. Hitimisho ni kwamba swali la msingi kwa mwandaaji wa Kiswahili ni nani amlipe, na kwamba uteuzi wa mada hufuata jibu la swali hilo.

1.0 Utangulizi

Mtu anayetaka kuanzisha chaneli ya video hukutana na ushauri mmoja kabla hajanunua hata kipaza sauti: asiteue mada anayoipenda, ateue mada inayolipa. Ushauri huu huandamana na orodha. Juu ya orodha hukaa fedha binafsi, bima, mikopo, uwekezaji na teknolojia. Chini hukaa muziki, vichekesho, masimulizi na michezo. Mantiki yake ni nyepesi. Kwa kuwa wenye matangazo hulipa zaidi katika mada za juu, video yenye watazamaji wachache kuhusu bima itamzidi kipato mwenye video ya vichekesho iliyotazamwa na umati.

Ushauri huu haujachukuliwa kwa uzito na wahakiki kwa sababu unaonekana kuwa suala la biashara tu. Hata hivyo, kauli inayoeleza kipi kinafaa kusemwa na kipi hakifai ni kauli ya kihakiki, hata ikiwa imevaa kanzu ya kibiashara. Inapanga mada kwa ngazi, inatoa vigezo vya ubora na inaamua nani astahili kusikilizwa. Kwa jamii ya Waswahili, ambako simu ya mkononi imekuwa jukwaa la masimulizi, mawaidha, mashairi na mafunzo ya kazi, kauli hiyo ina uwezo wa kuamua yale yatakayosemwa kwa Kiswahili katika kizazi hiki. Kwa sababu hiyo, inastahili kuhakikiwa kwa vigezo vilevile vinavyotumika kuhakiki nadharia yoyote ya utunzi.

2.0 Mkabala wa Kinadharia

Katika makala yake ya mwaka 1977, Smythe alidai kwamba wachambuzi wa vyombo vya habari walikuwa wakitazama mahali pasipo. Walichambua vipindi wakidhani ndivyo bidhaa, ilhali bidhaa inayouzwa na redio na televisheni za biashara ni hadhira yenyewe, na mnunuzi wake ni mwenye tangazo. Kipindi, kwa mujibu wa hoja hiyo, ni chambo: kazi yake ni kumleta mtazamaji na kumfanya akae.

Hoja hii haikupita bila kupingwa. Murdock (1978) alimjibu Smythe kwa kuonesha kwamba alipunguza mno nafasi ya maudhui na maana zake. Pingamizi hilo lina uzito kwa makala haya. Nadharia ya hadhira kama bidhaa inaeleza vizuri fedha zinatoka wapi, lakini haielezi kwa nini wimbo au kisa hukaa katika kumbukumbu za watu baada ya mnunuzi kusahauliwa. Kwa hiyo mkabala wa Smythe umetumika hapa kuchunguza bei, na desturi ya Waswahili ya kumlipa msanii imetumika kuchunguza uhusiano wa malipo hayo na maana.

3.0 Namna Bei Inavyopatikana

Uhakiki wa haki hauna budi kuanza na namna mfumo unavyofanya kazi. Nafasi za matangazo katika YouTube huuzwa kwa mnada unaofanyika kila video inapofunguliwa. Wenye matangazo hushindania nafasi mbele ya mtazamaji fulani, na bei huhesabiwa kwa kila mara 1,000 za kuoneshwa kwa tangazo. Katika video ndefu mwandaaji hupata asilimia 55 ya mapato ya matangazo. Katika video fupi, ambazo zilianza kugawiwa mapato hayo Februari 2023, hupata asilimia 45 ya fungu linalotengwa kwa waandaaji. Ili kufikia mgawo wa matangazo, chaneli inatakiwa kuwa na wafuasi 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 katika siku 90.

Mambo yanayopandisha au kushusha bei katika mnada huo ni mengi: nchi aliko mtazamaji, lugha, umri, kifaa anachotumia, msimu wa mwaka, na mada ya video. Miezi ya mwisho wa mwaka, biashara zinapotangaza kwa wingi kwa ajili ya sikukuu, bei hupanda, Januari hushuka. Mada, kwa hiyo, ni sababu moja miongoni mwa kadhaa, na katika mazingira ya Kiswahili si sababu kuu.

Ichukuliwe, kwa mfano wa kukisia, kwamba mwandaaji mmoja anabakiwa na dola 8 kwa kila watazamo 1,000 na mwingine anabakiwa na dola 1. Kiwango cha kawaida cha kuanza kulipwa ni dola 100. Wa kwanza atakifikia kwa watazamo 12,500; wa pili atahitaji 100,000. Ushauri wa mada zinazolipa unamwambia huyu wa pili kwamba tofauti yake na mwenzake ni mada. Endapo wote wawili wanazungumzia mikopo, mmoja kwa Kiingereza kwa watazamaji wa Marekani na mwingine kwa Kiswahili kwa watazamaji wa Mbeya, maelezo hayo yanaanguka.

4.0 Uhakiki wa Nguzo Tatu za Ushauri

4.1 Nguzo ya Kwanza: Mada Ina Bei

Ushahidi wa wazi dhidi ya nguzo hii unapatikana ndani ya video moja. Somo la Kiswahili kuhusu ujenzi wa nyumba likitazamwa na Mtanzania aliyeko Chicago linaweza kuingiza mara kadhaa ya kile linachoingiza likitazamwa na ndugu yake aliyeko Mwanza. Maneno ni yaleyale, picha ni zilezile, mada ni ileile. Kilichobadilika ni pochi ya anayetazama, au kwa usahihi zaidi, makisio ya wenye matangazo kuhusu pochi hiyo.

Bima hulipa sana katika soko la Marekani kwa sababu mteja mmoja anayepatikana huko ana thamani ya mamia ya dola kwa kampuni ya bima. Mada inapohamishwa bila mteja huyo, bei haihami nayo. Fedha binafsi kwa mtazamaji wa Kiswahili ni hisa za kila wiki katika VICOBA, mkopo wa SACCOS, akiba ya kwenye simu, na hofu ya mikopo inayoitwa na wananchi kausha damu. Hizi ni mada za fedha kwa kila maana ya neno hilo, tena zina hadhira yenye kiu. Hata hivyo, wanaomgombea mwanachama wa VICOBA katika mnada wa matangazo ni wachache, na bei hubaki chini.

Hapa pana kinaya ambacho ushauri hauoni. Kwa kuwa matangazo hulinganishwa na mada, video inayowaonya akina mama dhidi ya mikopo umiza inaweza kutanguliwa na tangazo la mkopeshaji wa mtandaoni, mwandaaji asipozuia aina hiyo ya matangazo katika mipangilio yake. Mada imeteuliwa vizuri na mapato yameingia, lakini onyo limegeuzwa kuwa mlango wa kile kinachoonywa.

4.2 Nguzo ya Pili: Lugha ni Chombo Tu

Orodha za mada zinazolipa huzungumza kana kwamba lugha ni chupa na mada ni maji, na maji hayabadiliki kwa kubadilishiwa chupa. Kwa mwandaaji wa Kiswahili, lugha ndiyo inayoamua hadhira, na hadhira ndiyo inayoamua bei. Anayeufuata ushauri kwa uaminifu hujikuta kwenye njia panda.

Njia ya kwanza ni kuihama lugha. Mwandaaji mwenye ujuzi wa kodi, programu za kompyuta au afya huanza kuzungumza Kiingereza ili amfikie mtazamaji mwenye bei. Kwa mtu mmoja uamuzi huo hauna lawama. Kila mtu hula kwa urefu wa kamba yake. Ukifanywa na wengi, maana yake ni kwamba wenye maarifa ya kitaalamu ndio wanaotangulia kuondoka, kwa kuwa mada zao ndizo zinazoahidiwa malipo makubwa ng'ambo. Hata kwa mhamaji faida si nzima: tangu Juni 2021 mapato yatokanayo na watazamaji wa Marekani hukatwa kodi ya nchi hiyo, na mwandaaji wa Tanzania au Kenya, nchi ambazo hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, anaweza kukatwa hadi asilimia 30 ya fungu hilo.

Njia ya pili ni kubaki katika lugha na kufidia bei kwa wingi. Pale ambapo kila watazamo 1,000 huleta kidogo, mwandaaji anahitaji umati, tena kila siku. Mada zinazokusanya umati kwa gharama ndogo zinajulikana: ugomvi wa wasanii, ndoa zilizovunjika, kiki, misiba ya watu maarufu. Wahakiki wanaolaumu udaku wa mtandaoni kwa kusema kwamba Waswahili wanapenda umbea wanaacha nusu ya hoja. Mfumo wa bei unamfanya mwenye kupenda kufundisha na mwenye kupenda kusengenya wapimwe kwa mizani moja, ambayo jiwe lake ni idadi ya watazamaji tu.

Athari hizi zinaonekana pia katika fani. Tangu mwaka 2012 mfumo wa mapendekezo wa YouTube umetilia mkazo muda wa kutazama badala ya idadi ya mibofyo pekee, na tangu Julai 2020 video yenye urefu wa kuanzia dakika 8 inaweza kuwekewa matangazo katikati. Kanuni hizi mbili zimezaa fani yake. Utangulizi hurefushwa, jibu huahirishwa, jambo la dakika tatu huzungushwa hadi dakika ya tisa, na taharuki hupandishwa mahali ambapo tangazo litaingia. Hadithi za mfululizo za magazetini nazo zilikatiza kisa mahali penye taharuki, lakini zilimkatizia msomaji ili anunue toleo lijalo la hadithi hiyohiyo. Katika video, mtazamaji hukatiziwa kisa ili auzwe kwa mtu wa tatu asiyehusika na kisa hicho.

4.3 Nguzo ya Tatu: Mada Isiyolipa Haina Haja

Nguzo hii haitamkwi waziwazi, lakini imo ndani ya orodha. Kinachokaa chini ya orodha, au kisichotajwa kabisa, huchukuliwa kuwa kisicho na soko. Uchunguzi wa kanuni za matangazo unaonesha kwamba kutolipa kwa mada mara nyingi ni matokeo ya uamuzi wa kisera uliofanywa mbali na hadhira.

Mfano wa kwanza ni maudhui ya watoto. Septemba 2019 kampuni za Google na YouTube zilikubali kulipa dola milioni 170 katika shauri lililohusu sheria ya Marekani ya kulinda faragha ya watoto mtandaoni. Kuanzia Januari 2020, video zilizotengenezwa kwa ajili ya watoto, duniani kote, hazioneshi matangazo yaliyolengwa kwa kufuata mienendo ya mtazamaji, na nafasi ya maoni huzimwa. Lengo la sheria hiyo ni jema. Hata hivyo, matokeo yake ni kwamba ngano ya Sungura na Fisi, ikisimuliwa kwa Kiswahili kwa mtoto wa Tanga, imeshushwa bei kwa sheria iliyotungwa Washington. Si ajabu kwamba mfano unaojulikana zaidi wa katuni za elimu kwa Kiswahili, Ubongo Kids, uliooneshwa kwa mara ya kwanza katika televisheni ya Tanzania mwaka 2014, ni kazi ya shirika lisilo la faida. Kazi ya aina hiyo ingesubiri mapato ya matangazo, huenda isingezaliwa.

Mfano wa pili ni mada nzito. Machi 2017, baada ya matangazo ya kampuni kubwa kuonekana kando ya video za itikadi kali, wenye matangazo wengi walijitoa YouTube kwa muda. Tangu hapo miongozo ya video zinazofaa matangazo imekazwa, kisha ikarekebishwa mara kadhaa. Mauaji, vita, dawa za kulevya, unyanyasaji wa kijinsia na majanga ni miongoni mwa maeneo ambayo video inaweza kupewa matangazo machache au kunyimwa kabisa, kutegemea namna mada ilivyoelezwa. Mwanzoni mwa mwaka 2020 hata mazungumzo kuhusu ugonjwa wa UVIKO-19 yalizuiwa kupata matangazo kwa muda, kabla ya kuruhusiwa hatua kwa hatua kuanzia Machi. Kwa wiki kadhaa, jambo ambalo kila mtu alihitaji kulielewa ndilo lililokuwa halilipi.

5.0 Mlipaji na Msikilizaji: Funzo la Taarabu

Uzito wa suala hili unaonekana zaidi kazi ya msanii wa zamani inapowekwa katika mizani ya sasa. Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950, alirekodi santuri zake za kwanza Bombay mwaka 1928. Miongoni mwa nyimbo zake zinazokumbukwa ni Kijiti, unaohusu mauaji ya mwanamke mgeni mjini Unguja na namna mtuhumiwa alivyouponyoka mkono wa sheria. Laura Fair, mwanahistoria aliyechunguza nyimbo hizo, ameonesha jinsi zilivyohifadhi maoni ya watu wa kawaida kuhusu mahakama na utawala wa wakati wao. Kwa orodha ya mada zinazolipa, wimbo huo ni uteuzi mbaya: una mauaji, una pombe, una lawama kwa mamlaka, na hadhira yake ilikuwa watu wa Ng'ambo wasio na bei katika mnada wowote.

Ieleweke kwamba Siti hakuimba bure. Kampuni ya santuri ilitafuta faida, na katika maonesho msanii wa taarabu hutuzwa. Katika desturi ya kutuza, msikilizaji aliyeguswa na ubeti huinuka na kwenda kumpa mwimbaji fedha mbele ya watu. Kitendo hicho ni malipo, na papo hapo ni uhakiki: kinaonesha ubeti upi umegusa, umemgusa nani, na wakati mwingine umempiga kijembe nani. Mnunuzi wa santuri alifanya vivyo hivyo kwa namna ya kimya. Fedha ilikuwepo na soko lilikuwepo, lakini mlipaji na msikilizaji alikuwa mtu mmoja. Hata magazeti ya udaku yaliyoshamiri Dar es Salaam tangu miaka ya 1990 yaliuzwa sehemu kubwa kwa sarafu za msomaji, na msomaji aliyechoshwa aliweza kupita kwenye meza ya magazeti bila kununua.

Malipo ya matangazo yanatenganisha mlipaji na msikilizaji. Mtazamaji anayeguswa na video hana njia ya kuipandisha bei kwa kuguswa kwake. Kuguswa kwake kunahesabiwa kama muda wa kukaa mbele ya tangazo. Hapa ndipo pingamizi la Murdock linapokamilisha hoja ya Smythe. Hadhira huuzwa, lakini haiishi kuwa hadhira. Inaendelea kuelewa, kukumbuka na kujadili, na sehemu hiyo ya uhai wake haina safu katika hesabu ya mapato.

6.0 Kilicho Sahihi Katika Ushauri

Haitakuwa haki kuutupa ushauri huu wote. Una mambo matatu yenye manufaa. Kwanza, unamkumbusha mwandaaji kwamba kazi yake ina gharama, na kwamba mapenzi ya mada peke yake hayalipi bando wala umeme. Pili, unahimiza mada zisizochuja, zile zinazotafutwa mwaka hadi mwaka, kama vile namna ya kusajili biashara au kutunza kuku wa kienyeji. Video za aina hiyo huendelea kuingiza kidogokidogo baada ya habari za siku kusahaulika. Tatu, unamtaka mwandaaji aijue hadhira yake, jambo ambalo manju na malenga walilijua kabla ya takwimu za watazamaji.

Kasoro ni kwamba mambo hayo matatu yamefungwa katika kanuni ya nne isiyo sahihi, ile ya bei ya mada. Gharama za mwandaaji nazo hazikomei kwenye bando. Nchini Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliweka masharti ya leseni na ada kwa watoa maudhui. Nchini Kenya, Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mapato ya maudhui ya kidijitali ya wakazi. Ushauri unaohesabu mapato kwa dola za soko la mbali na kuacha gharama za nyumbani ni hesabu ya upande mmoja.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamehakiki ushauri wa kuteua mada za video kwa kigezo cha mapato ya matangazo. Imebainika kwamba ushauri huo umekosea mahali pa kuiweka bei: unaiweka katika mada ilhali iko kwa mtazamaji. Kosa hilo, likihamishiwa katika Kiswahili, huzaa mambo mawili, yaani wataalamu kuihama lugha na waliobaki kusukumwa kwenye udaku. Aidha, imebainika kwamba ngano za watoto, simulizi za dhuluma na elimu ya majanga hukosa malipo kwa sababu za kisera zisizohusiana na kiu ya hadhira.

Kutokana na matokeo hayo, mwandaaji wa Kiswahili anayekusudia mada yenye uzito hana budi kuamua kwanza nani atamlipa. Michango na uanachama wa watazamaji, malipo kwa simu, ufadhili wa taasisi za elimu na mauzo ya kazi yenyewe ni njia zinazomrudisha mlipaji karibu na msikilizaji, kama ilivyo katika kutuza. Matangazo yanaweza kubaki kuwa kitoweo, si chakula chenyewe. Kwa upande wa wahakiki wa fasihi na utamaduni, kazi inayobaki ni kuzisoma video hizi kama matini, pamoja na mnada unaozizunguka, kwani mada ambazo hazikuwahi kurekodiwa kwa sababu hazilipi nazo ni sehemu ya historia ya Kiswahili.